Upepo Hauna Mbio Hizo: Mshale wa Geji Unaoanguka Sifuri na Kurudi

Swali: Fundi, habari za kazi. Mimi ni Mtanzania, naishi Columbus, Ohio. Nimenunua motahomu (gari lenye nyumba ndani) iliyotumika, ya mwaka 2003, injini ya dizeli ipo nyuma, breki ni za upepo. Kwenye dashibodi kuna geji mbili za upepo, moja ya breki za mbele na moja ya nyuma. Asubuhi zote zinapanda vizuri hadi kama 115. Nikishaendesha saa moja hivi, mshale wa nyuma unaanza kucheza: 90, 60, mara unaanguka sifuri, mara umerudi 115. Wa mbele umetulia tu. Buza halilii, lile la kuonya upepo ukipungua. Nikizima gari na kulala, asubuhi geji zote mbili ziko sifuri. Gereji moja hapa imeniambia kompresa imechoka na wanataka zaidi ya dola 2,000. Mwezi ujao nataka kuwapeleka mama watoto na wanangu Charlotte kwa barabara ya 77. Nifanye nini?

Jibu: Kaka, hiyo kompresa iache hapo ilipo kwanza. Dalili yenyewe uliyoiandika inaitetea.

Angalia upepo unavyosafiri ndani ya gari lako. Kompresa iliyofungwa kwenye injini inausukuma, unapita kwenye draya inayonasa maji na mafuta, unaingia tangi la kwanza. Mafundi wa huko wanaliita tangi bichi, kwa kuwa unyevu ulioponyoka kwenye draya huishia humo. Kutoka hapo njia zinagawanyika mbili: tangi la breki za nyuma na tangi la breki za mbele. Kwenye mlango wa kila moja kuna vali ya njia moja, upepo unaingia lakini haurudi ulikotoka. Maana yake hozi ikipasuka upande mmoja, upande wa pili unabaki na upepo wake. Sasa kompresa ikichoka, haichagui. Inanyima matangi yote, na mishale yote miwili itashuka kila unapokanyaga breki. Wako umeshuka mmoja tu.

Jambo la pili ndilo lililonifanya nitabasamu niliposoma barua yako. Madereva wa malori Marekani hufundishwa kipimo hiki: kwenye mfumo wa njia mbili za upepo, injini ikiwa kwenye mzunguko wake wa kazi, upepo upande kutoka psi (kipimo cha presha) 85 hadi 100 ndani ya sekunde 45. Hiyo ni psi 15 kwa robo tatu ya dakika, na hapo kompresa inahesabiwa kuwa nzima. Kulijaza tangi kutoka sifuri hadi 115 ni kazi ya dakika kadhaa. Mshale wako unaimaliza safari hiyo kabla hujapepesa jicho. Upepo hauna mbio hizo. Chenye mbio hizo ni umeme, na kwenye gari la umri huo ninachoshuku kwanza ni waya ulioachia, plagi iliyoliwa na kutu, au sensa inayokufa ikipata joto.

Lakini "nashuku" siyo "nimepima". Mpaka upime, uamini mshale huo kana kwamba unasema kweli. Nakwambia hivi kwa sababu ya basi moja la mlima wa Kitonga. Nilikuwa kijana kwenye gereji Dar es Salaam, tukatumwa kulifuata basi lililosimama katikati ya mlima ule, likiwa linapanda kwenda Iringa. Dereva alituambia geji imekuwa na wazimu tangu Chalinze, naye kazi yake ikawa kuigonga kioo kwa kidole. Buza lilikuwa kimya. Kumbe utingo alichomoa waya wake walipofika Mikumi, abiria wa viti vya mbele walilalamika kelele. Tulipopima, geji ilikuwa na akili timamu kuliko wote waliokuwa ndani ya basi. Hozi ya chemba ya breki ya nyuma ilikuwa imesuguliwa na chesisi mpaka ikatoboka, inavuja zaidi pale dereva anapokanyaga. Upepo ulipoisha pande zote, springi za breki, ambazo upepo ndio unaozizuia, zikajifunga zenyewe, basi likagoma. Bahati yake alikuwa anapanda.

Wewe barabara ya 77 itakupandisha na kukushusha milima ya West Virginia, halafu pale Fancy Gap, Virginia, utateremka mteremko mrefu kuelekea North Carolina. Hapo si mahali pa kujifunza kama geji ni mwongo.

Sasa lile buza. Umeandika "buza halilii" kama ushahidi kwamba upepo upo. Linaweza kuwa ushahidi, kwa masharti mawili. La kwanza, liwe zima. Buza bovu nalo halilii. La pili, liwe na swichi yake lenyewe inayogusa upepo, isiyotegemea ile sensa ya geji. Kwenye magari mengi ya miaka ya gari lako huwa hivyo: swichi ya onyo kwa kila upande, mbali na sensa. Kwenye magari mapya sensa moja hupeleka habari kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayosogeza mshale na kuliza buza. Hapo una shahidi mmoja aliyevaa kofia mbili.

Wala usijipe moyo kwamba "upepo ungekuwa umeisha kweli, handbreki ingejifunga". Ile nobu ya njano ya handbreki hulishwa na matangi yote mawili kupitia vali inayochagua upande wenye nguvu zaidi. Tangi la nyuma linaweza kuwa tupu kabisa, la mbele likaendelea kuzishika springi zisifunge, na gari likateleza vizuri kana kwamba hakuna kitu. Utajua siku utakapokanyaga breki kwa nguvu, ukakuta breki hazina nguvu uliyoizoea.

Kwa hiyo tafuta shahidi mwingine. Nunua geji ya kawaida ya mshale isiyo na umeme, inayosoma hadi psi 160 au 200, na hozi ya upepo yenye nguvu ya kutosha, ndefu kama mita mbili ili usomee pembeni ya gari. Siku za kupima, motahomu iegeshe mahali tambarare, kabari mbele na nyuma ya matairi pande zote mbili.

Na kabla hujaingiza hata mkono chini, soma aya hii mara mbili. Motahomu yako bila shaka inabebwa na mabaluni ya upepo. Ukitoa upepo kwenye mfumo, au paipu ikichomoka wakati unaigusa, gari linakaa chini, na linakaa bila kukuaga. Nafasi uliyoingia nayo huenda usitoke nayo. Mafundi wamekufa hivyo. Jeki za kusawazisha gari kambini si za kulalia chini yake. Weka stendi za chuma zenye uwezo wa uzito wa gari, chini ya chesisi yenyewe, ndipo uingie. Kama huna stendi hizo, kazi ya chini mpe fundi mwenye shimo la gereji, wewe ushike kalamu uandike namba. Sioni aibu ndani yake.

Geji ya kupimia inafungwa kwenye tangi la breki za nyuma, si tangi bichi. Wengi wanakosea hapa kwa sababu kwenye tangi bichi mara nyingi kuna nipeli rahisi ya kujazia upepo, basi wanapima hapo, wanaona 115, wanashangilia. Tangi bichi liko kabla ya ile vali ya njia moja, haliwezi kukueleza yaliyomo tangi la breki za nyuma. Toa upepo wote kwenye matangi yote mpaka kuwe kimya kabisa, vaa miwani, kisha fungua koki ya kumwagia maji ya tangi la nyuma na ufunge hozi yako hapo kwa kiunganishi cha njia tatu, koki ibaki upande mmoja na geji upande wa pili. Hiyo koki utaihitaji sasa hivi.

Washa injini, acha upepo ujae mpaka usikie draya ikipiga chafya. Hapo ndipo gavana, kifaa kinachoipumzisha kompresa, amekata, kwa kawaida karibu na psi 125, na huruhusu kompresa irudi kazini ikishuka kwenye 100 hivi. Zima injini, rudisha ufunguo kwenye "on". Fungua hiyo koki kidogo tu, upepo wa tangi la nyuma utoke taratibu, na mtu mwingine akae kwenye usukani akisoma kwa sauti. Jaribio hili moja linakujibu maswali matatu. Geji yako ya kupimia na mshale wa dashibodi zishuke pamoja: zikiachana, umeshamjua mwongo. Mshale wa mbele ubaki juu: ukishuka pamoja na wa nyuma, vali ya njia moja imeoza, na hilo ni tatizo kubwa kuliko ulilokuja nalo. Na buza lilie kabla geji ya kupimia haijapita chini ya 60. Lisipolia, ukimya wake wote wa barabarani haukuwa na maana yoyote, na safari ya Charlotte isubiri lirekebishwe.

Buza likilia inavyotakiwa, funga koki, jaza tena, kisha urudie kwa namna nyingine: injini imezimwa, ufunguo "on", handbreki imeachiwa, kanyaga na kuachia breki mfululizo. Buza litalia, na ukiendelea, nobu ya njano itaruka nje yenyewe kati ya psi 20 na 45. Nimekutana na nobu iliyofungwa kwa waya isiruke. Sitaki kujua nani alifanya hivyo.

Tatizo lako linaanza baada ya saa moja, kwa hiyo gari likiwa baridi kila kitu kinaweza kujibu vizuri. Usikate tamaa. Acha geji imefungwa, hozi ukiwa umeifunga mbali na magurudumu na bomba la moshi, na uliache gari lilipo likiunguruma kwa mzunguko wa juu kidogo, taa zote zimewashwa na hita imewashwa, mpaka mshale uanze vituko vyake. Ukiwa nje, hewa wazi, si ndani ya banda. Mshale wa dashibodi ukisema sifuri na geji ya pembeni ikisema 115, kesi imekwisha: upepo upo, tafuta umeme. Zikisema sifuri zote mbili, basi mimi na nadharia yangu tumeshindwa, gari lisitembee hata kwenda gereji. Lipakiwe kwenye gari la kubebea magari.

Nadhani utaangukia upande wa umeme, kwa hiyo twende nao. Chungulia nyuma ya dashibodi. Geji nyingine za zamani hazina umeme zaidi ya taa: paipu nyembamba ya nailoni inaleta upepo mpaka kwenye geji yenyewe, ambamo bomba la shaba lililopindwa hujinyoosha kadiri presha inavyoongezeka na kuvuta mshale. Ni utaratibu wa Mfaransa Eugène Bourdon wa mwaka 1849, na mpaka leo hakuna aliyeuona mbaya. Ukikuta paipu, shida huwa imebanwa, imepikwa na hita, au imejaa maji na mafuta. Lakini geji ya namna hiyo huwa inachelewa kwenda na kurudi, hairuki kama panzi, kwa hiyo natarajia utakuta nyaya.

Zikiwa nyaya, kila geji ina sensa yake, kipande cha shaba au chuma kilichofungwa kwenye njia ya upepo. Kwenye motahomu nyingi utazikuta mbele karibu na vali ya pedali, nyingine zimefungwa kwenye matangi. Tafuta zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Kama ni za aina moja na nyaya zinafikiana, fanya jaribio ambalo halina gharama: badilisha plagi zao, ya mbele uipe sensa ya nyuma, ya nyuma uipe ya mbele. Andika kwenye karatasi na ubandike kwenye usukani usije ukasahau, maana sasa dashibodi inakusomea kinyume. Acha gari lipate joto tena. Wazimu ukihamia kwenye mshale wa mbele, sensa ya nyuma ndiyo mgonjwa, badilisha. Ukibaki kwenye mshale uleule wa nyuma, sensa haina hatia. Ni waya kati ya hapo na dashibodi, au geji yenyewe. Rudisha plagi mahali pake.

Kabla ya kununua sensa, hata hivyo, angalia erthi. Sensa ya waya mmoja hutumia mwili wake kama erthi: umeme unaingia kwa waya, unatoka kupitia nyuzi za bolti kwenda kwenye chesisi. Mtu aliyeifunga akizungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba kwa ukarimu, kaziba uvujaji na kaziba njia ya umeme. Ongeza chumvi wanayomwaga barabarani kila majira ya baridi huko Ohio, ikila shaba na chuma kwa miaka ishirini. Chukua waya, ncha moja iguse mwili wa sensa, nyingine iguse chuma safi cha chesisi uliyoikwangua. Mshale ukitulia hapohapo, umepona kwa kipande cha waya na kibanio.

Mwenye multimita (kipima umeme) achomoe plagi na kupima omu, yaani ukinzani wa umeme. Sensa za Kimarekani za aina hiyo mara nyingi zinasoma karibu 240 upepo ukiwa sifuri, na zinashuka kuelekea 33 presha ikipanda. Za Kijerumani huenda kinyume, kutoka 10 hadi karibu 180. Usijali sana namba kamili. Unachotafuta ni mwendo laini: upepo ukishuka taratibu, omu nazo zibadilike taratibu. Zikiruka, au zikikatika kabisa, umepata. Ukiwa umeshika multimita, mwambie mwenzako atikise kifurushi cha nyaya kidogokidogo kutoka kwenye sensa kuelekea juu. Waya uliovunjika ndani ya gamba lake husimama vizuri ukiwa baridi, ukipata joto na mtikisiko unaachia.

Hapa kuna namna ya aina hizi mbili kusema uongo. Sensa ya Kimarekani waya ukikatika, mshale unaanguka sifuri. Ukigusa chesisi, unaruka juu kabisa. Ya Kijerumani ni kinyume. Wako unaanguka, kwa hiyo kama sensa ni ya Kimarekani ninachokiona ni mahali panapoachia, si mahali panapogusana. Na ukikuta sensa yenye nyaya tatu, acha hadithi ya omu na usiguse nyaya hizo kwa kuziunganisha ovyo. Hiyo inalishwa volti 5 na kujibu kwa volti kati ya nusu na 4.5, pima waya wa jibu huku upepo ukishuka.

Kama sensa na waya ni wazima, imebaki geji. Angalia majirani zake: mshale wa mafuta au wa joto nao hutetemeka? Ukiwasha taa kubwa, mshale wa upepo unasogea? Basi ni erthi ya dashibodi nzima. Kama ni yeye peke yake, geji moja hununuliwa peke yake au dashibodi inapelekwa kwa wanaotengeneza. Magari mengi ya miaka hiyo yana mota ndogo nyuma ya kila mshale, na mota hizo huchoka.

Nimebakiza matangi kuwa tupu asubuhi. Hilo ni suala jingine, umelifunga kwenye furushi moja na la geji, na ninaona gereji ile nayo ililifunga hivyo. Kompresa haifanyi kazi usiku, kwa hiyo upepo unaopotea usiku haupotei kwa sababu yake. Ni mvujo. Kipimo: jaza mpaka gavana akate, kabari zipo, zima injini, achia handbreki, subiri presha itulie. Gari moja lisilovuta tela lisipoteze zaidi ya psi 2 kwa dakika. Kisha kanyaga breki na kushikilia; baada ya mshuko wa kwanza, isizidi 3 kwa dakika. Tumia geji yako ya kupimia, si ile yenye wazimu.

Fanya hesabu, utaona gari linaloshuka psi 2 kwa dakika linapita kipimo na bado linakuwa tupu kabla hujamaliza kula chakula cha usiku. Kwa hiyo kulala sifuri peke yake hakukatazi safari. Mimi lakini nisingeliacha. Subiri usiku mtaa utulie, injini imezimwa, uzunguke gari taratibu ukisikiliza, kisha maji ya sabuni kwenye kila kiungio unachofikia bila kuingia chini. Wavujaji wa kwanza kuwashuku ni vali za kusawazisha urefu wa mabaluni na mipasuko midogo kwenye mikunjo ya mabaluni yenyewe. Draya ikiwa inapumua mfululizo baada ya kukata, vali yake ya chini haifungi. Na siku uliyotoa upepo kwenye matangi, je, kulitoka maji? Yakitoka meupe kama maziwa yenye mafuta, kichujio cha draya kimekwisha, na hapo ndipo nitakubali kuzungumza juu ya kompresa.

Ukishapima niandikie: presha ambayo buza lililia, geji ya pembeni ilisema nini wakati mshale wa dashibodi uko sifuri, na psi zinazopotea kwa dakika, breki ikiwa imeachiwa na ikiwa imekanyagwa. Na mwambie mama watoto tarehe ya safari bado haijawekwa.